Pipa la Douro: Miaka 20 ya kungoja, nani huilipia?

SOMO LA WIKI

Katika rafu ya duka la vinywaji, chupa mbili za mvinyo wa Porto zinaweza kukaa bega kwa bega. Zote zimetoka bonde moja la Ureno, zote zimeandikwa Tawny, na kiwango cha pombe kinakaribiana, kama asilimia 20. Moja haina namba ya umri. Ya pili ina namba 20, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Mteja akiuliza tofauti, muuzaji mara nyingi hujibu: "Hii ni ya zamani."

Jibu hilo si kosa, lakini halimtoshi mtu anayeweka fedha zake katika bidhaa. Mfanyabiashara anatakiwa ajue umri huo umegharimu nini, gharama ilibebwa na nani, na faida inabaki mikononi mwa nani. Asipojua, anaweza kulipia miaka ambayo haipo ndani ya chupa, au kuweka stoo chupa akidhani bei yake inapanda wakati mvinyo wenyewe umeshaacha kukua.

Biashara hii si ngeni katika lugha yetu. Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, waliacha maneno yao sokoni. Neno mvinyo linatokana na "vinho" la Kireno, na pipa ni "pipa" hukohuko Ureno. Hadi leo pipa ndicho kipimo cha biashara ya Douro: pipa moja la shambani huhesabiwa kuwa lita 550.

Bonde lenyewe

Mto Douro huanzia Hispania, hupita kaskazini mwa Ureno na kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki kwenye mji wa Porto. Mvinyo umepewa jina la mji huo, lakini zabibu hazilimwi mjini. Eneo la mizabibu liko mbali juu ya mto, nyuma ya mlima Marão unaozuia mvua ya bahari, na linaendelea hadi mpakani na Hispania.

Eneo hilo limegawanyika sehemu tatu. Baixo Corgo, iliyo magharibi, hupata mvua nyingi zaidi. Cima Corgo iko katikati, kuzunguka mji mdogo wa Pinhão, na ndiko yaliko mashamba mengi yenye sifa kubwa. Douro Superior, iliyo mashariki, ni kavu na yenye joto kali. Wenyeji husema wana miezi 9 ya kipupwe na miezi 3 ya jehanamu.

Udongo ni haba. Miteremko imejaa mawe ya tabaka ambayo hupasuka na kuruhusu mizizi ya mzabibu kushuka chini sana kutafuta maji. Ili kulima, watu walikata milima kuwa ngazi na kujenga kuta za mawe kwa mikono. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliiingiza sehemu ya bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, sifa hiyo haipunguzi gharama ya kibarua. Pale ambapo mashine haiwezi kupita, zabibu huchumwa kwa mkono, na kila kilo hutoka kwa jasho.

Mipaka ya 1756

Historia ya soko hili ina mafunzo ambayo mfanyabiashara wa mazao yoyote atayatambua. Mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilitia saini mkataba wa Methuen. Vitambaa vya sufi vya Uingereza vilipata soko Ureno, na mvinyo wa Ureno ukatozwa ushuru pungufu kwa theluthi moja kuliko ule wa Ufaransa. Mauzo yakapanda haraka.

Bei nzuri ikaleta ujanja. Kulikuwa na waliotia rangi mvinyo hafifu kwa matunda ya mti uitwao elderberry ili uonekane mzito. Sifa ikaharibika, wanunuzi wakasita, bei ikaanguka. Mwaka 1756 serikali ya Marquês de Pombal iliunda kampuni ya kusimamia biashara hiyo na kuamuru eneo la uzalishaji liwekewe mipaka. Nguzo za granite 335 zilisimikwa kuonyesha wapi mvinyo halali unaweza kutoka, na miti ya elderberry ikaamriwa ing'olewe.

Utaratibu huo ulikuwa na machungu yake. Kampuni ilipewa ukiritimba, na mwaka 1757 wenye vilabu na wananchi wa Porto walifanya ghasia kuupinga. Serikali ilijibu kwa ukali, na baadhi yao wakanyongwa. Hivyo, kanuni zilizolinda jina la bidhaa zilianza kwa kuwaumiza wauzaji wadogo. Udhibiti ulilegezwa mwaka 1865 na kurudishwa mwaka 1907, baada ya soko kujaa tena mvinyo wa kuiga. Leo msimamizi ni taasisi ya serikali ijulikanayo kwa kifupi IVDP.

Ndani ya pipa

Mvinyo wa Porto huanza kama mvinyo mwingine. Zabibu husagwa, zamani kwa miguu ndani ya matangi ya mawe, na juisi yake huachwa ichachuke. Tofauti hujitokeza baada ya siku mbili au tatu. Wakati karibu nusu ya sukari imegeuka kuwa pombe, mtengenezaji humimina pombe kali ya zabibu yenye asilimia 77. Kwa kawaida lita 115 za pombe hiyo huchanganywa na lita 435 za juisi, na jumla ni lile pipa la lita 550. Hamira hufa, sukari iliyobaki haiguswi tena, na kinywaji kinabaki kitamu na chenye nguvu.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Aina ya Ruby hukaa miaka michache katika matangi makubwa ili ibaki na wekundu wake. Aina ya Vintage, inayotoka katika mwaka mmoja uliofanya vizuri, hutiwa chupani baada ya miaka miwili au mitatu na huzeeka humo kwa miongo.

Tawny hupita njia nyingine. Huwekwa katika mapipa ya mbao yaliyokwisha kutumika muda mrefu, ambayo hayaupi mvinyo ladha ya mbao mpya. Hewa hupenya taratibu kwenye mbao. Wekundu hufifia kuwa kahawia ya dhahabu, na ladha ya matunda hugeuka kuwa ya njugu, asali na matunda makavu. Mapipa mengi hukaa Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto ukitazama Porto, ambako hewa ya bahari ni ya ubaridi na unyevu. Kwa karne nyingi mapipa yalishushwa kwa mashua ziitwazo rabelo. Mabwawa yalipojengwa mtoni katika miaka ya 1960 na 1970, kazi hiyo ilihamia kwenye malori na mashua zikabaki za mapambo na mashindano.

Namba kwenye lebo ina maana gani

Hapa ndipo wengi huteleza. Namba 10, 20, 30 au 40 haimaanishi kuwa kila tone lina umri huo. Tawny ya umri ni mchanganyiko wa mvinyo wa miaka mbalimbali, mchanga na mkongwe. Mtengenezaji huupeleka mchanganyiko wake kwa jopo la waonjaji wa IVDP, nao huamua kama una tabia inayostahili namba hiyo. Kwa hiyo namba ni cheo kinachopatikana kwa mtihani wa ulimi, si cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2022 kiliongezwa cheo cha miaka 50, pamoja na daraja la mvinyo uliopita miaka 80.

Anayetaka mwaka halisi wa mavuno aangalie neno Colheita. Hiyo ni Tawny ya mwaka mmoja tu, iliyokaa katika mbao si chini ya miaka 7. Chupa iliyoandikwa Tawny bila namba na bila mwaka haiahidi uzee wowote mkubwa, hata kama rangi yake ni ya kahawia.

Hesabu ya kungoja

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakutaja riba anayotozwa wakati akivumilia. Tawny ina gharama mbili zinazokwenda pamoja.

Gharama ya kwanza ni mvuke. Kila mwaka kama asilimia 2 ya mvinyo hupotea kupitia mbao. Inaonekana kidogo, lakini hujirudia mwaka hadi mwaka. Ikichukuliwa asilimia 2 kamili, pipa la lita 550 hubaki na lita 449 baada ya miaka 10, lita 367 baada ya miaka 20, lita 300 baada ya miaka 30, na lita 245 tu baada ya miaka 40. Zaidi ya nusu ya mali imepaa hewani, na hakuna bima inayolipa hasara hiyo.

Gharama ya pili ni fedha iliyofungwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko: lita moja imegharimu shilingi 100 siku ya kwanza, na mtaji una riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya miaka 10, ukijumlisha riba na mvuke, lita iliyobaki imegharimu shilingi 199. Baada ya miaka 20 ni shilingi 397. Baada ya miaka 30 ni 792, na baada ya miaka 40 ni 1,580. Hapo hakujaingia kodi ya ghala, mishahara wala matengenezo ya mapipa.

Sasa badilisha riba peke yake. Kwa asilimia 10, lita ya miaka 20 imegharimu shilingi 1,008. Kwa asilimia 15, kiwango ambacho mkopaji wa Afrika Mashariki hawezi kukishangaa, gharama ni shilingi 2,452. Mvinyo ni uleule, pipa ni lilelile na mvuke haukubadilika. Kilichobadilika ni bei ya fedha, nayo imepandisha gharama zaidi ya mara sita ukilinganisha na ile riba ya asilimia 5.

Hiyo ndiyo sababu biashara hii imekaa mikononi mwa wenye mitaji yao wenyewe, wasiodaiwa na benki kila mwezi. Kanuni nazo zimeimarisha hali hiyo. Kwa miongo mingi wasafirishaji wamefungwa na sheria ya theluthi: kampuni huruhusiwa kuuza kwa mwaka hadi theluthi moja ya akiba yake. Anayetaka kuuza pipa moja lazima awe na mengine mawili ghalani. Sheria hiyo huzuia mali kumwagwa sokoni kwa pupa, lakini pia humfungia mlango mwenye mtaji mdogo.

Mkulima yuko wapi

Maelfu ya wakulima wa Douro wana vishamba vidogo vilivyotawanyika kwenye miteremko. Kila shamba hupewa daraja kwa herufi, A likiwa la juu, kwa kuangalia mwinuko, udongo, mteremko, aina na umri wa mizabibu. Kila mwaka hutangazwa mgawo uitwao benefício, yaani kiasi cha juisi kinachoruhusiwa kugeuzwa mvinyo wa Porto. Mkulima hupata sehemu yake kulingana na daraja la shamba. Zabibu zilizo ndani ya mgawo hulipwa bei nzuri. Zinazobaki huenda kwenye mvinyo wa kawaida, kwa bei ambayo wakulima wengi wamelalamika kuwa hairudishi gharama.

Mgawo huo umekuwa ukishuka. Mwaka 2022 ulikuwa mapipa 116,000. Mwaka 2023 ukawa 104,000, mwaka 2024 ukawa 90,000, na mwaka 2025 ukafika 75,000. Katika miaka mitatu mkulima amepoteza zaidi ya theluthi ya nafasi yake ya kuuza kwa bei nzuri, ilhali shamba ni lilelile na kuta za mawe zinahitaji matengenezo yaleyale. Baadhi ya wanunuzi walipunguza au kusitisha ununuzi wa zabibu, na wakulima wakaandamana.

Chanzo kikubwa ni soko. Mauzo ya mvinyo wa Porto kwa wingi yamekuwa yakipungua tangu mwanzoni mwa karne hii, wakati aina za bei ya juu, Tawny za umri zikiwamo, zimeongeza sehemu yake katika thamani ya mauzo. Kwa kampuni yenye mapipa ya zamani hiyo ni nafuu. Kwa mkulima anayelipwa mara moja tu, wakati wa mavuno, thamani inayoongezeka ghalani kwa miaka 20 haimfikii. Yeye huuza zabibu, na miaka huuzwa na mwingine.

Wapo waliong'amua jambo hilo mapema. Dona Antónia Adelaide Ferreira, aliyeishi kuanzia 1811 hadi 1896, aliendelea kununua ardhi hata katika kipindi ambacho mdudu wa filoksera alikuwa akiangamiza mizabibu. Mwaka 1877 alinunua ardhi pori huko Douro Superior na kuanzisha shamba la Vale Meão. Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya Taylor's ilitoa mvinyo iliouita Scion, wa mwaka 1855, uliokuwa umehifadhiwa na familia moja ya bondeni humo tangu kabla ya filoksera. Chupa moja iliuzwa kwa takriban pauni 2,500. Wengi wakiusikia mfano huo hutamani kuweka chupa kabatini. Wanasahau kuwa mvinyo ule ulikuwa ndani ya mapipa, si ndani ya chupa.

Kwa mwekezaji mdogo

Tawny ikishatiwa chupani, safari yake imekwisha. Haizeeki zaidi kwa faida. Chupa ya miaka 20 iliyofungwa mwaka 2015 haikuwa ya miaka 30 ilipofika 2025, ila ni Tawny ya miaka 20 iliyokaa kabatini miaka 10, na pengine imepungua uchangamfu. Anayetaka kuweka chupa ili zizeeke aangalie Vintage, ambayo ina soko lake la minada. Tawny ni bidhaa ya kuuzwa na kunywewa.

Wanaofikiria hisa nao wajue kuwa makundi makubwa ya sekta hii ni mali ya familia. Sogrape yenye Ferreira na Sandeman, familia ya Symington yenye Graham's na Dow's, na kundi la Fladgate lenye Taylor's na Croft, yote hayauzi hisa zake katika soko la hisa. Mtu akikuletea pendekezo la kununua "pipa linalozeeka Ureno", muulize mambo manne: hati ya umiliki iko kwa jina la nani, nani hulipa ghala, mvuke unahesabiwaje, na nani atakuwa mnunuzi siku ya kutoka. Akikwepa hata swali moja, funga mkoba wako.

Kwa mwenye duka, hoteli au baa, faida ipo, lakini iko kwenye mzunguko. Mambo ya kukagua ni haya:

1. Utepe wa muhuri wa IVDP wenye namba, unaopita juu ya kizibo. Bila huo, usipokee mzigo.

2. Mwaka wa kutiwa chupani. Tawny ya umri huuandika kwenye lebo. Kati ya mizigo miwili ya bei moja, chukua uliofungwa karibuni.

3. Jina la nchi. Afrika Kusini hutengeneza kinywaji cha aina hii na iliacha kutumia jina la Port kufuatia makubaliano na Umoja wa Ulaya. Chupa zake huandikwa Cape Tawny. Zinaweza kuwa nzuri, lakini zisiuzwe kwa bei ya Douro.

4. Uhifadhi. Chupa ya Tawny yenye kizibo cha kung'oa kwa mkono isimamishwe wima, mbali na jua na joto. Vintage ndiyo hulazwa.

5. Uuzaji kwa glasi. Tawny iliyofunguliwa huvumilia wiki kadhaa ikiwekwa mahali pa baridi, wakati Vintage hutakiwa kumalizwa ndani ya siku chache. Kwa hoteli yenye wateja wachache, tofauti hiyo ndiyo faida yenyewe.

Kabla ya kuagiza katoni, piga hesabu ileile ya pipa kwenye stoo yako. Kama katoni itakaa miezi 12 kwa mkopo wa asilimia 15, ongeza asilimia 15 kwenye gharama kabla ya kufikiria faida. Kampuni ya Gaia hulipwa kwa kungoja kwa sababu mvinyo wake huboreka ukiwa ndani ya pipa. Mwenye duka akingoja halipwi na mtu, kwa kuwa chupa yake haiboreki na riba inaendelea kuhesabiwa. Agiza kiasi kinachotoka, uza, kisha agiza tena.